Bati si Moja: Istilahi za Kutengeneza Mfano wa Awali wa Kopo la Asali

Utangulizi

Yapo maneno ambayo mtu huyatumia kila siku bila kuyatilia shaka, mpaka siku atakapotakiwa kuyaandika katika waraka ambao mwenziwe ataufuata kwa mikono yake. Neno bati ni mojawapo. Kijijini husemwa nyumba ya bati. Dukani husemwa kopo la bati. Katika machimbo ya Kyerwa, Mkoani Kagera, husemwa madini ya bati. Katika mazungumzo hakuna anayepotea, kwa kuwa msemaji na msikilizaji wanakitazama kitu kimoja. Lakini mfasiri anapoandika katika mwongozo kwamba kipande cha bati kikatwe, kikunjwe, kisha kitiwe chakula, hana tena msikilizaji mbele yake. Fundi atakayeusoma mwongozo huo atachukua bati alilo nalo, na bati alilo nalo aghalabu ni lile lililosalia baada ya kuezeka paa. Hapo neno lililolegea laweza kumdhuru mlaji.

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi zinazomkabili mtu anayetengeneza kifungashio cha bati kwa mara ya kwanza, tangu mchoro hadi majaribio. Hatukusudii kumfundisha fundi kazi yake, fundi anaijua. Tunakusudia kuwasaidia wale wanaoandika kwa ajili ya fundi na wale wanaosoma maandiko yake: wafasiri wa miongozo, walimu wa masomo ya ufundi, na watumishi wa Serikali wanaopokea maombi ya mikopo na vibali.

Mfano tutakaoutumia

Istilahi zikielezwa hewani hazishikiki. Kwa hiyo tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Nyabusozi ni kata katika Wilaya ya Biharamulo, Mkoani Kagera. Msikilizaji wa lugha za Maziwa Makuu hulisikia katika jina hilo shina -sozi, ambalo katika lugha kadhaa za huko ni kilima au mlima. Biharamulo ni nchi ya misitu, na ufugaji wa nyuki ni kazi inayofahamika huko.

Basi tuseme kikundi cha wafugaji nyuki wa Nyabusozi kimechoka kuuza asali kwa ndoo, na kinataka kuiuza katika makopo ya gramu 500 yenye jina la kikundi. Kijana mmoja anayesomea usanifu wa bidhaa anapewa kazi ya kubuni kopo hilo kuwa mradi wake wa masomo. Ataandika andiko la mradi. Andiko litasomwa na mwalimu wake, na fundi bati wa mjini Biharamulo, na ofisa wa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Hatimaye litamfikia mkaguzi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Wasomaji ni wanne, na kila mmoja ana mazoea yake ya lugha. Ikiwa neno moja litachukuliwa kwa maana nne, kopo halitatoka. Au litatoka kopo ambalo halifai kutiwa asali.

Kifungashio na chombo

Tuanze na dhana iliyo pana kuliko zote. Katika kitenzi funga tunapata fungasha, yaani kufunga mizigo tayari kwa safari. Kutokana na fungasha tunapata ufungashaji, ambao ni kazi yenyewe. Mfungashaji, ambaye ni mtendaji. Na kifungashio, ambacho ni kitu cha kufungashia. Istilahi hizi zimekwisha kukubalika, na sababu yake ni nyepesi: mtu aliyepata kufungasha vyombo vyake kuhama nyumba huielewa dhana bila mwalimu.

Hata hivyo kifungashio hakina budi kutofautishwa na chombo. Chombo hukaa na mwenyewe; kifungashio huondoka na bidhaa na kwenda kwa mnunuzi. Mtungi wa asali ulioko nyumbani ni chombo. Kopo lenye asali iliyopimwa, lililoandikwa jina na uzito, ni kifungashio. Tofauti hii si ya maneno matupu, kwa maana kifungashio huhukumiwa kwa mambo ambayo chombo hakiulizwi: uzito halisi, yaani uzito wa asali tupu bila kopo, jina la mtengenezaji, tarehe, na kibandiko, ambacho wengi hukiita lebo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Asali ya Nyabusozi yaweza kuwa nzuri, lakini ikiwa ndani ya kopo lisiloonesha kilichomo, haina njia ya kujiuza ila kwa msaada wa kopo hilo.

Inafaa kukumbusha kwamba dhana ya chombo cha duara chenye kifuniko si ngeni kwetu. Kilindo ni chombo kinachotengenezwa kwa gome la mti, chenye umbo la mcheduara, kitako na kifuniko, na kimetumika bara kuhifadhia na kusafirishia vitu. Mwalimu anayefundisha umbo la kopo anaweza kuanza na kilindo kabla hajafika kwenye bati.

Kopo, mkebe na debe

Kwa kifungashio kidogo cha bati Kiswahili kina maneno zaidi ya moja, na wingi huo huwatia wafasiri mashakani. Kopo ni neno la asili ya Kireno, kama yalivyo kasha, pipa na bweta. Kwa Wareno lilikuwa na maana ya bilauri; sisi tumelitumia kwa chombo cha bati au cha plastiki cha kunywea, kuchotea na kuhifadhia. Mkebe hutumika sana Kenya kwa maana hiyo hiyo. Lakini kwa mwanafunzi wa Tanzania mkebe ni kile kisanduku cha bati kinachotiwa bikari na vifaa vingine vya hesabu. Debe ni neno lililotufikia kutoka lugha za Kihindi, nalo lilishika mizizi kutokana na madebe ya mafuta ya taa yaliyoletwa na wafanyabiashara. Debe la kawaida huchukua yapata lita 18.

Debe lilivuka mpaka wa chombo likawa kipimo, kisha likaingia katika methali na katika siasa: debe tupu haliachi kuvuma, na wagombea hupigiwa debe. Kwa sababu hiyo debe halifai kuwa istilahi ya kifungashio cha rejareja. Tena halifai kuwa kipimo katika mkataba. Lita moja ya asali ina uzito wa kilogramu 1.4 hivi, kwa hiyo debe la lita 18 likijazwa asali lina zaidi ya kilogramu 25. Debe hilo hilo likijazwa mahindi hadi ukingoni lina uzito mdogo zaidi, kwa kuwa katikati ya punje mna hewa. Mtumishi anayeandika katika fomu kwamba kikundi kina madebe 10 ya asali ameandika ujazo. Lakini msomaji aliyezoea madebe ya mahindi atasoma uzito, na atausoma kwa makosa.

Kwa hiyo tunapendekeza kopo liwe jina la jumla la kifungashio kidogo cha bati chenye umbo la mcheduara. Mkebe ubaki kwa kisanduku cha bati chenye pembe na kifuniko cha bawaba. Debe libaki mahali lilipo katika lugha ya watu, lakini kila linapoingia katika waraka liandikwe pamoja na lita au kilogramu.

Bati tatu ndani ya neno moja

Sasa tufike kwenye neno lililotupa kichwa cha makala haya. Ndani ya neno bati mna vitu vitatu.

Cha kwanza ni metali yenyewe, ambayo wanakemia huipa alama Sn na namba 50. Hii ndiyo inayochimbwa Kyerwa, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe hadi lilipofanywa wilaya mwaka 2012. Ni metali laini, nyeupe kama fedha, inayoyeyuka kwenye nyuzi 232 za sentigredi. Ni adimu kuona mtu akitengeneza kopo zima kwa metali hii peke yake.

Cha pili ni bati la kuezekea. Hili ni bamba la chuma lililopakwa zinki, au zinki iliyochanganywa na alumini, ili lisishike kutu upesi. Ndani yake hamna bati la Kyerwa hata kidogo. Tunaliita bati kwa mazoea tu.

Cha tatu ni bati la makopo. Hili nalo ni bamba la chuma, lakini limepakwa bati la kweli pande zote mbili, kwa utando mwembamba sana. Chuma hulipa kopo nguvu, na bati hulikinga chuma lisiguse chakula.

Kwa macho, cha pili na cha tatu hufanana vya kutosha kumdanganya asiyezoea, hasa vikiwa vipya. Kwa chakula, havifanani kabisa. Asali ina asidi. Kipimo chake cha pH aghalabu hukaribia 3.9. Zinki huyeyuka taratibu katika asidi na kuingia ndani ya chakula, na mtu akila zinki nyingi hupata kichefuchefu, hutapika na kuumwa na tumbo. Ndiyo maana wataalamu wa nyuki hukataza asali kuhifadhiwa katika vyombo vilivyopakwa zinki. Basi mwongozo unaosema kwamba kopo la asali litengenezwe kwa bati, bila kusema bati lipi, ni mwongozo wenye hatari ndani yake, ingawa kila sentensi yake ni sahihi kwa sarufi.

Pendekezo letu ni kutumia neno bamba, ambalo mafundi wanalo tayari kwa maana ya kipande cha metali kilicho bapa. Kitu cha pili kiitwe bamba la zinki, na kitu cha tatu kiitwe bamba la bati. Bati likisimama peke yake katika maandishi ya kitaalamu liwe ni metali ya Kyerwa tu. Hatudai kwamba mwananchi aache kusema nyumba ya bati. Lugha ya watu ina uhuru wake, na haingekuwa busara kumtuma mtu dukani akaombe mabamba ya zinki ya kuezekea. Tunadai tu kwamba katika mwongozo, katika zabuni na katika mtihani wa ufundi, vitu viwili visivyoweza kubadilishana visipewe jina moja.

Lipo pia neno geji, ambalo hutumika kupima unene wa mabamba. Hapa mtego uko katika namba. Geji inapopanda, unene hupungua: bamba la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Mfasiri asiyejua hilo akiandika bati la geji kubwa kwa maana ya bati nene, amegeuza maana juu chini. Ni salama zaidi kuandika unene kwa milimita. Mabamba ya bati ya makopo ya kawaida huwa na unene wa kati ya milimita 0.15 na 0.3 hivi.

Tuongeze neno moja kuhusu asidi. Katika mitaa, tindikali ni maji makali ya betri yanayounguza nguo na ngozi. Mwandishi akisema asali ina tindikali, atamwogofya mnunuzi bila sababu. Kwa hiyo katika habari za chakula ni afadhali kutumia asidi, na kuiacha tindikali kwa zile kali za kiwandani na za karakana.

Mfano wa awali na jamaa zake

Kijana wetu hatengenezi makopo elfu kwa siku moja. Anatengeneza moja kwanza, ili alijaribu. Kopo hilo la kwanza tuliite nini? Yapo maneno mengi yanayokaribiana, na kila moja lina mahali pake.

Mchoro uko kwenye karatasi. Waonesha umbo na vipimo, lakini hautiwi asali.

Kiolezo, kutokana na kitenzi oleza, ni kipande cha karatasi ngumu au cha bamba kilichokatwa sawasawa ili fundi akifuatishe anapochora juu ya bamba jipya. Fundi cherehani hutumia kiolezo. Fundi bati vilevile.

Kigezo ni kile ambacho kitu kingine hupimwa kwacho. Uzito halisi wa gramu 500 ni kigezo. Kutovuja ni kigezo.

Sampuli ni kitu kimoja au vichache vinavyochukuliwa kutoka miongoni mwa vingi ili kuviwakilisha. Mkaguzi akifika ghalani akachagua makopo matano kati ya mia, hayo ni sampuli.

Kielelezo ni kitu cha kueleza au kufafanulia jambo. Picha kitabuni ni kielelezo. Kopo tupu linaloonyeshwa darasani laweza kuwa kielelezo.

Dhana tunayoitafuta imebaki nje ya yote hayo. Ni kitu kamili, cha ukubwa wake wa kweli, kinachofanya kazi, kilichotengenezwa kabla ya vingine ili kijaribiwe na kurekebishwa. Katika taarifa mbalimbali za viwanda hutumika sampuli kifani. Istilahi hiyo imeenea, na hatuna nia ya kuifuta. Lakini yafaa tuione kasoro yake. Sampuli hudai kuwapo kwa vingi ambamo imechukuliwa, ilhali hapa vingi bado havijazaliwa. Nacho kifani ni kitu kinacholingana na kingine, kama tusemapo kwamba mtu hana kifani. Ilhali kopo la kwanza halina bado cha kulingana nacho. Kuchanganya dhana hizi kuna gharama. Ofisa anayeombwa kupokea sampuli ana haki ya kudhani kwamba uzalishaji umekwisha kuanza, na huenda akadai kibali ambacho kikundi hakijafikia hatua ya kukiomba.

Tunapendekeza mfano wa awali. Ni maneno mawili ambayo kila mmoja wetu anayajua. Mfano unasema kwamba vingine vitafuata umbo lake. Awali inasema kwamba bado ni mwanzo na ruhusa ya kubadilisha ipo. Anayehitaji kutofautisha matoleo ataandika mfano wa awali wa kwanza, wa pili na wa tatu, bila kuunda neno jipya.

Istilahi katika hatua za kazi

Sasa tuzitazame istilahi zikifanya kazi.

Hatua ya kwanza ni vipimo. Kopo ni mcheduara, istilahi ambayo shule zetu za msingi zimeizoea. Mcheduara una kipenyo, mzingo na kimo. Gramu 500 za asali hujaza sentimita za ujazo 352 hivi. Tukichagua kipenyo cha sentimita 7, eneo la kitako ni sentimita za mraba 38.5, na asali itapanda hadi kimo cha sentimita 9.1 hivi. Tukiacha nafasi ndogo juu, kimo cha kopo kinafaa kuwa sentimita 10. Mzingo ni kipenyo mara 22 gawanya kwa 7, yaani sentimita 22 kamili.

Hatua ya pili ni kukata. Kopo la namna hii lina sehemu tatu, nazo tunapendekeza ziitwe kwa majina ambayo lugha imezoea kuvipa vyombo na mwili: kiwiliwili, kitako na kifuniko. Bamba la kiwiliwili halikatwi kwa sentimita 22 tu, kwa sababu ncha zake mbili lazima zikunjwe na kushikana. Kile kinachoongezwa kwa ajili hiyo tunakiita ziada ya mkunjo. Mkunjo wa kushikana wenye upana wa milimita 3 hula milimita 9 za bamba. Kwa hiyo urefu wa kukata ni sentimita 22.9. Mwongozo ukitaja mzingo bila ziada ya mkunjo, kopo litatoka jembamba kuliko kitako chake, na bamba litakuwa limeharibika.

Hatua ya tatu ni kuunga. Hapa tuna maneno mawili yasiyopasa kuchanganywa. Mkunjo ni kuungana kwa bamba kwa kukunjana lenyewe. Lehemu, neno la asili ya Kiarabu, ni metali inayoyeyushwa ili iunge metali nyingine, na kitenzi chake ni kulehemu. Lehemu ya kawaida ya karakana ni mchanganyiko wa bati na risasi. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 na risasi kwenye nyuzi 327. Lakini zikichanganywa kwa kiasi maalumu huyeyuka kwenye nyuzi 183, chini kuliko kila moja peke yake. Ndiyo maana mafundi huipenda. Lakini risasi ni sumu, na huwadhuru hasa watoto katika ukuaji wa akili zao. Marekani ilipiga marufuku makopo ya chakula yaliyolehemiwa kwa risasi mwaka 1995. Kwa hiyo andiko la mradi wa kopo la asali lisiseme tu kwamba kopo litalehemiwa. Liseme lehemu isiyo na risasi, au liseme kwamba kiungo ni cha mkunjo bila lehemu. Kwa kuwa risasi ni pia jina la kitu kitokacho katika bunduki, mwandishi anayeona uwezekano wa mkanganyiko ataandika metali ya risasi.

Hatua ya nne ni kukinga ndani. Hata bamba la bati huhitaji kinga mbele ya asidi, maana utando wa bati ni mwembamba, na chuma kikifikiwa hubadili rangi na ladha ya asali. Kinga hiyo ni vanishi maalumu ya chakula, na tunaiita utando wa ndani. Isichanganywe na rangi ya nje, ambayo ni pambo na tangazo.

Hatua ya tano ni kufunika. Asali hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu wake ukizidi asilimia 20 huwa katika hatari ya kuchachuka. Kwa hiyo kifuniko lazima kibane. Tena asali huganda, na asali iliyoganda haimiminiki, bali huchotwa kwa kijiko. Kwa hiyo mdomo wa kopo lazima uwe mpana. Kifuniko kinachofaa ni kile kinachosukumwa ndani ya mdomo hadi kikabana, kama cha kopo la rangi, na kufunguliwa kwa mpini wa kijiko. Tunapendekeza kiitwe kifuniko cha kushindilia, ili kitofautiane na kifuniko cha kusokota.

Hatua ya mwisho ni majaribio, na hapa ndipo mfano wa awali unapostahili jina lake. Hutiwa maji na kupinduliwa ili kuona kama unavuja. Huwekewa mzigo juu. Hutiwa asali na kuachwa kwa majuma kadhaa, kisha rangi na ladha hulinganishwa na asali iliyokuwa katika chupa. Wapewe pia watu wasiohusika na mradi, waambiwe walifungue. Historia ya kopo inatufundisha umuhimu wa jaribio hili la mwisho. Mwingereza Peter Durand alipata hataza ya kuhifadhi chakula katika makopo ya bati mwaka 1810, lakini kifunguo cha makopo cha Robert Yeates kilitokea huko Uingereza mwaka 1855. Kwa miaka mingi watu walinunua chakula ambacho walilazimika kukifikia kwa patasi na nyundo.

Muhtasari wa istilahi

Kwa manufaa ya wafasiri na walimu tunakusanya hapa istilahi tulizozijadili:

Bamba la bati: bamba la chuma lililopakwa bati pande zote mbili, hutumika kwa makopo ya chakula.
Bamba la zinki: bamba la chuma lililopakwa zinki, hutumika kuezekea, halifai kwa chakula chenye asidi.
Bati: metali yenye alama Sn.
Kifungashio: kitu cha kufungashia bidhaa kinachokwenda pamoja nayo kwa mnunuzi.
Kifuniko cha kushindilia: kifuniko kinachobana kwa kusukumwa ndani ya mdomo wa kopo.
Kiolezo: kipande cha kufuatisha wakati wa kuchora na kukata.
Kiwiliwili: sehemu ya kopo iliyo kati ya kitako na kifuniko.
Kopo: kifungashio kidogo cha bati chenye umbo la mcheduara.
Lehemu isiyo na risasi: lehemu ambayo haikuchanganywa na metali ya risasi.
Mfano wa awali: kitu kamili cha kwanza kilichotengenezwa ili kijaribiwe na kurekebishwa kabla ya uzalishaji.
Mkunjo: kiungo kinachopatikana kwa kukunja kingo za bamba na kuzishikanisha.
Sampuli: kitu kinachochukuliwa kutoka miongoni mwa vingi ili kuviwakilisha.
Utando wa ndani: vanishi ya chakula inayopakwa upande wa ndani wa kopo.
Uzito halisi: uzito wa kilichomo bila kifungashio.
Ziada ya mkunjo: sehemu ya bamba inayoongezwa kwenye kipimo ili ikunjwe.

Hitimisho

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi ya istilahi imefanywa kwa sehemu kubwa ofisini, juu ya meza, mbele ya kamusi. Njia hiyo imetupa maneno mengi mazuri, mcheduara likiwa mojawapo. Lakini istilahi za karakana zina hakimu wake, naye ni fundi. Pendekezo lolote kati ya haya likipelekwa kwa fundi bati wa Biharamulo, naye akachukua bamba asilopasa kuchukua, basi pendekezo hilo limeshindwa na lirudishwe likatengenezwe upya, hata kama limepita katika kamati.

Kwa ajili hiyo tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi na maofisa wa viwanda vidogo wayasome maelezo haya mbele ya mafundi wanaofanya nao kazi, na watuandikie mambo matatu: neno lipi fundi alilielewa mara moja, neno lipi lilihitaji kuelezwa, na neno lipi fundi mwenyewe hulitumia mahali pa letu. Tungependa zaidi kupata majina ambayo mafundi wa Kagera, Kigoma na Geita huyatumia kwa mkunjo na kwa aina za mabamba, pamoja na maelezo ya kazi ambamo kila jina hutumika.